Tumbo la Daraja

Stesheni ya Munisagara,
Kilosa.
9 Julai 1975

Kwako dada yangu Hildegarda,

Shikamoo dada. Najua umeshaitikia marahaba kabla hujavuta kigoda, maana wewe huitikia hata karatasi. Habari za tangu Pasaka? Mgahawa unaendeleaje, na madereva wa malori ya Zambia bado wanakula chapati nane halafu wanalalamika ni ndogo? Shemeji Kasiani hajambo na lango lake la mbuga? Na tembo wa Mikumi, mwaka huu wamekuachia mahindi kidogo, au wameendelea kula kama wageni wa harusi?

Huku hatujambo. Agnesi mwanao, niliyekuja naye huku likizo hii, ni mzima, na ushahidi ni huyo anayekukabidhi barua hii. Mtazame kwanza, mshike mikono, mpe chai, ndipo uendelee kusoma. Mimi pia ni mzima wa mwili. Usingizi tu ndio umenihama, na lile tumbo ulilosema Pasaka kwamba hufika mlangoni kabla yangu, sasa tunafika pamoja. Hofu hupunguza unene dada, ila sikushauri uijaribu.

Nina ombi moja. Nakujua wewe. Barua zangu huzisoma kwa sauti mbele ya wateja, na kuna utingo aliyewahi kunisimamisha Kilosa sokoni akaniuliza kama jipu langu limepona. Hii usiwasomee. Ingia jikoni, urudishe mlango, usome peke yako.

Ulisikia kwamba likizo hii sikubaki mjini. Ng'ambo ya mto Mkondoa, mkabala na stesheni hii, kuna kijiji kipya kinaitwa Juhudi. Watu walihamishiwa pale mwaka jana wakati wa operesheni ya vijiji. Waliambiwa nyumba zisimame kwa mistari, zikasimama. Lakini reli, zahanati na barabara vimebaki upande huu. Kiangazi wanavuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Masika hawavuki. Mwezi wa nne mama mmoja, Mwanvua, alijaribu, mtoto mwenye homa yuko mgongoni, anakimbilia zahanati. Mtoto maji yalimtupa kwenye matete, akaokotwa analia. Mama alipatikana mbali sana huko chini, na walioenda kumchukua mpaka leo hawapendi kusimulia.

Ndipo kijiji kikaamua kujenga daraja la kuning'inia, kwa kujitolea, na shule yetu ikaombwa mtu wa hesabu. Mwalimu mkuu alininyooshea kidole mimi. Ningependa kukuambia ni kwa sababu ya sifa zangu, lakini kwa kweli nilikuwa nimesinzia mkutanoni.

Kamba mbili za chuma zilipatikana kwenye shamba la mkonge lililokufa, zile zilizokuwa zikivuta vitoroli. Huenda ni zile zile alizokuwa akizipaka grisi marehemu baba, nani ajuaye. Ncha zake zilisokotwa vitanzi na mafundi wa zamani, na leo hakuna wa kuvisokota upya, kwa hiyo kamba haikatwi wala haiungwi. Urefu ni ule uliopo. Swali likawa: nguzo zichimbiwe wapi?

Sasa nivumilie kidogo, maana yote yaliyonipata yametokea humu. Kamba ukiishika ncha mbili ikaning'inia, inajichagulia umbo lake. Si kipande cha duara, macho yasikudanganye. Vitabu vina kanuni yake: ukijua nguzo zimeachana kiasi gani, kanuni inakupa urefu wa kamba. Inaitwa sini ya haipaboliki, jina ambalo ukilitamka una ugali mdomoni utapaliwa. Lakini sisi tulikuwa tumeshika jibu, tunatafuta swali. Urefu tunao. Tumbo tunalolitaka tunalijua, kamba ishuke katikati vimo viwili vya mtu wa saizi yangu. Tunatakiwa turudi kinyumenyume mpaka kwenye umbali wa nguzo. Ni kama wewe unavyoonja mchuzi wa jirani ukasema ametia vijiko vingapi vya chumvi. Yeye anatoka kwenye chumvi kwenda kwenye mchuzi, wewe unatoka kwenye mchuzi kurudi kwenye chumvi. Huko kurudi ndiko kunakoitwa kinyume cha sini ya haipaboliki, na mimi nilikifaulu chuoni kwa kukariri, nikaagana nacho kama mtu anavyoagana na mama mkwe: kwa heshima, na bila kugeuka nyuma.

Hesabu yenyewe si ndefu. Unachukua nusu ya kamba, unajumlisha tumbo. Nusu ile ile unatoa tumbo. La kwanza unaligawanya kwa la pili, unatafuta logi ya jibu, halafu unaizidisha kwa namba nyingine inayopima mkazo wa kamba. Basi. Ila logi inayotakiwa ni ile ya asili, na kitabu chetu cha shule kina logi za kumi. Kuzigeuza lazima uzidishe kwa mbili nukta tatu na ushee. Wanafunzi wangu nimewachapa kwa kusahau jambo hilo. Mimi nikalisahau.

Umbali ukatoka chini ya nusu ya upana wa mto. Niliona ni ajabu kidogo, lakini kitabu ni kitabu. Nikakunja suruali, nikaingia majini kijiji kizima kikitazama, nikachomeka kijiti mchangani nikasema nguzo ya kwanza isimame hapa. Halafu mwenyekiti wa kijiji, Bwana Cleopa, akauliza kwa upole kabisa kama daraja hili ni la watu au la kambale. Dada, walicheka mpaka wazee wakakaa chini. Tangu siku hiyo naitwa Mwalimu Kambale. Watoto wananiamkia hivyo, shikamoo Mwalimu Kambale, nami naitikia marahaba, nifanyeje.

Kosa nililiona siku ile ile, nikalisahihisha, na nguzo zikachimbiwa nchi kavu. Aliyefunga kila kitu ni fundi Lupakisyo, mstaafu wa reli, ambaye baba yake alitoka Tukuyu kuja kutandika mataruma akasahau kurudi. Mtu wa maneno machache. Hakuwahi kuniuliza nimepataje hesabu, wala hakunicheka siku ya kijiti. Alisimama na spana yake, akasema maneno yale yale kila asubuhi: "Mwalimu, sema namba." Hilo lilinitisha kuliko kicheko cha wote. Anayekucheka anakupunguzia mzigo. Anayekuamini anakutwisha.

Tulipozitundika kamba na kupanga mbao, nilipima tumbo kwa uzi na jiwe. Lilikuwa palepale nilipoandika. Nilikaa kwenye majani nikatazama mto. Miaka yote nafundisha, sijawahi kuona hesabu yangu ikisimama nje ya ubao, ina mbao juu yake na ndege wametua.

Furaha hiyo ilidumu kama moto wa mabua. Ilikuja habari kwamba mgeni rasmi atatoka mkoani kulifungua siku ya Saba Saba. Mwenyekiti akaja kulikagua daraja, akazunguka huku na huku mikono nyuma, akasema lina kasoro. Limelegea. Akasema mgeni ataona watu wa Juhudi ni wavivu, hata kamba yao imechoka. Akasema daraja la wakulima haliwezi kuwa na tumbo kama la bepari. Aliposema bepari alinitazama mimi, hapa katikati. Watu wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane sijacheka.

Kila ncha ya kamba ina skrubu kubwa ya kukazia. Aliamuru zikazwe mpaka daraja linyooke. Vijana wakaning'inia kwenye spana, na jioni daraja likawa limenyooka kama reli. Walipiga makofi. Nilitaka kupiga nami, lakini upepo ulipita bondeni na zile kamba zikaanza kulia, sauti nyembamba ya juu, kama mbu aliyeingia sikioni. Zilipokuwa na tumbo hazikuwahi kulia.

Unaikumbuka kamba yako ya kuanikia nguo nyuma ya mgahawa? Ulimlazimisha shemeji aikaze mpaka inyooke, ukaanika blanketi moja tu lililolowa, na nguzo ikang'oka na ukuta wa choo. Ukamlaumu shemeji kwamba hajui kuchimba. Dada, mwombe radhi. Kosa lilikuwa la kunyoosha.

Nilirudi chumbani nikafungua hesabu yangu. Nilidhani ukivuta kidogo, mkazo unaongezeka kidogo. Sivyo. Lile tumbo lote, vimo viwili vya mtu, lilitokana na shubiri moja tu ya kamba ya ziada kila upande. Shubiri moja, dada, nyosha vidole uitazame. Ukiila robo tatu ya shubiri hiyo kwa skrubu, tumbo linabaki nusu na mkazo unakuwa mara mbili. Ukila robo tatu ya kilichobaki, mara mbili tena. Na safari hiyo haina mwisho, kwa sababu kamba iliyonyooka kabisa haipo duniani. Kabla hujaifikisha hapo inakuwa imeshakatika.

Nikataka kujua sisi tumefika wapi. Kitabu cha logi kikapofuka. Kamba ikikaribia kunyooka, namba unayoitafutia logi inakaribia moja, logi yake inakaribia sifuri, na tarakimu nne za kitabu hazioni tena kitu pale. Ni kama kutafuta sindano ukiwa umevaa glavu. Ilibidi nipite njia nyingine ambayo mwalimu wetu chuoni alituonyesha siku moja nikiwa, kwa bahati, niko macho: kinyume kile, namba ikiwa ndogo, ni karibu sawa na namba yenyewe ukitoa mchemraba wake uliogawanywa kwa sita. Nikaenda kupima kwenye skrubu, nikaona shubiri yetu imebaki upana wa kidole. Nikapiga hesabu. Mkazo umezidi mara nne, na hapo hakuna hata mtu mmoja juu ya mbao. Kamba ya zamani, yenye kutu, na hakuna ajuaye inabeba kiasi gani. Jibu lilipotoka nilifunga kitabu nikatafuta viatu.

Nilimwendea mwenyekiti, ambaye siku hiyo alikuwa stesheni. Nilianza na habari za mvua, nikapita kwenye mihogo, nikafika kwenye skrubu. Aliniuliza kama safari hii nguzo tuzichimbie angani. Nilisema kwa heshima kwamba daraja halitawabeba watu. Akaacha kucheka, akasogeza kiti. "Mwalimu, ulikosea mara ya kwanza tukacheka. Ukituharibia siku ya mgeni rasmi, hatutacheka." Hakupaza sauti. Nilimkumbuka yule bwana shamba aliyesema hadharani kwamba mbegu zilizoletwa hazifai, na mpaka leo hakuna anayejua amehamishiwa wapi. Nikamwambia mwenyekiti ahsante. Dada, nilimwambia ahsante.

Nilimpigia simu mwalimu mkuu kutoka stesheni. Yeye aliniambia kwamba shule imetoa namba, na namba ikishatolewa ni mali ya kijiji. Na nani angenisikiliza? Kambale amesema daraja litakatika. Jana kambale alisema nguzo iwe majini. Ningekuwa mimi ndiye msikilizaji, ningecheka.

Jumamosi wakaleta ratiba ya sherehe. Wanafunzi watavuka kwanza, wakipiga mguu kwa ngoma, halafu mgeni rasmi, halafu kijiji. Mbele ya wote, mwenye bendera, ni Agnesi.

Ndiyo, dada. Sikukuandikia. Yeye alichaguliwa kwa sababu anatembea wima kama wewe. Alikuja kunionyesha jinsi atakavyoishika bendera, akatumia mwiko wangu wa ugali, akapiga mguu chumbani mpaka vikombe vikagongana. Nilimwambia aseme anaumwa. Akaniuliza anaumwa nini. Nikakosa ugonjwa wa kumpa.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jumatatu asubuhi, Saba Saba yenyewe, mwenyekiti alifika mtoni na shati jipya akakuta daraja lina tumbo. Lilikuwa limeshuka kama lilivyokuwa mwanzo, limetulia, halilii. Aligeuka rangi. Akamuuliza kila mtu. Akataka vijana wakaze upya, lakini vumbi la gari la mgeni lilikuwa limeshaonekana barabarani, na ngoma zimeshaanza. Hakukuwa na la kufanya tena.

Agnesi akapanda. Mimi nilikuwa huku ukingoni nimeshika mkoba wa mgeni rasmi, kazi niliyoiomba mwenyewe. Bendera ikaenda, watoto nyuma yake wawili wawili, mguu kwa mguu, na mbao zikaanza kupanda na kushuka. Chini hakuna maji ya kumwokoa mtu, dada. Julai ni mawe. Walipofika katikati, katika kichwa changu kikatokea kitu kibaya sana: nilisahau kama, katika hesabu ya mwisho ya tumbo lile, nilizidisha kwa mbili nukta tatu. Nilijaribu kuiona karatasi akilini nikaona nyeupe tupu. Namwona mtoto wako na bendera, juu ya namba nisiyoikumbuka. Nilifungua mdomo nipige kelele warudi. Halafu nikalitazama daraja lenyewe. Kama nisingezidisha, mbao zingekuwa zinagusa mawe. Zilikuwa juu, vimo viwili chini ya vichwa vya nguzo. Nilizidisha. Tumbo lile ndilo lililonijibu, si kitabu. Agnesi akashuka upande wa pili, akageuka, akanipungia mkono na bendera, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Mkoba wa watu nikauangusha.

Mgeni rasmi alipovuka akasimama katikati, akacheza kidogo kwa magoti kama mtoto, akauliza mbona linapinda hivi na bado ni imara. Mwenyekiti akajibu palepale, mbele ya kipaza sauti, kwamba ni yeye aliyeagiza liachiwe tumbo kwa ushauri wa wataalamu. Walipiga makofi marefu. Kijiji kizima kilisikia. Wewe cheka sasa, maana mbele hakuna kicheko.

Jana Jumanne mgambo walimchukua fundi Lupakisyo. Kuna mtu alimwona Jumapili mchana upande wa kijiji, peke yake, na spana kwenye skrubu. Wamemfungia kwenye ghala la mbegu, na kesho wanampeleka Kilosa kwa kosa la hujuma. Hawamwambii kosa lake ni kulegeza daraja, kwa kuwa mwenyekiti ameshalisifia tumbo hilo kwenye kipaza sauti. Wanasema ameingilia mali ya kijiji bila ruhusa. Mzee yule, magoti yake mabovu, amelala juu ya magunia ya karanga. Wamemuuliza nani alimtuma. Amenyamaza.

Dada, niliyeanza ni mimi.

Jumapili mchana watu wote walikuwa ng'ambo wakifanya mazoezi ya ngoma. Nilitoka misani nikaenda moja kwa moja mtoni na kipande cha bomba, nikakipachika kwenye skrubu ya upande huu. Mchana kweupe, jua la utosi. Niliogopa hata kivuli changu, maana kilikuwa kinafanya kosa lile lile. Nilikuwa nimeandika mizunguko kwenye kiganja kwa wino, na jasho likawa linaifuta. Nikasikia mtu anakohoa. Ni Lupakisyo, na Biblia kwapani. Nilijua nimekwisha. Alitazama bomba, akatazama kamba, akasikiliza ule mlio. Nilimweleza kila kitu, shubiri, kidole, mara nne, Agnesi. Sidhani kama alifuata hata nusu. Nilipomaliza akaweka Biblia juu ya jiwe.

"Mwalimu, sema namba."

Nikamsomea kiganja changu. Tukalegeza upande huu pamoja. Halafu akauliza, upande wa pili je, maana skrubu za huku peke yake hazitoshi. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilimwambia mimi sivuki, si kwa mbao wala kwa mawe. Nikamwambia huwa nashindwa. Hakuniuliza kwa nini. Alichukua spana, akapanda kwenye daraja lile likiwa bado limekazwa na linalia, akavuka polepole na magoti yake yale, akaenda kufungua kule. Ndiyo maana aliyeonekana ni yeye. Kama ningevuka, angeonekana Kambale.

Wewe peke yako duniani unajua kwa nini sivuki. Unalikumbuka lile gogo juu ya mfereji wa mkonge, tulipokuwa tunampelekea baba chakula? Kila siku ulinibeba mgongoni, nimefumba macho, nimekunyonga shingo, mpaka nilipokuwa mkubwa kiasi cha watu kutucheka. Hukumwambia mtu. Mtu mzima mwenye mvi sasa, nimejenga daraja, na kijiji kizima kimevuka isipokuwa mimi. Kila mtu anadhani nilivuka. Nilishika mkoba.

Ghala la mbegu liko ng'ambo, na ofisi ya mwenyekiti pia. Garimoshi la kumpeleka Agnesi Kilosa linapita alasiri hii, na kutoka hapo atapanda basi la Mikumi. Nikishamsindikiza, naenda kumwambia mwenyekiti kwamba mtaalamu aliyemtaja kwenye kipaza sauti ni mimi, na fundi alifuata agizo la mtaalamu. Nimeitafakari sana hoja hiyo. Akinishitaki, itabidi akane maneno yake mbele ya watu wote waliopiga makofi. Ni hoja nzuri. Lakini mwoga hata akiwa na hoja nzuri, magoti yake hayajui hoja. Anaweza kunicheka, anaweza kunifungia na magunia yale yale, anaweza kunipeleka alikopelekwa bwana shamba. Sijui. Nimemtoa Agnesi ili, lolote litakalokuwa, asilione. Yeye nimemwambia umemkumbuka tu. Usimwambie lingine.

Zikipita siku na hujapata neno, mtume shemeji aje kwa mwalimu mkuu, na vitu vyangu si vingi: vitabu, redio, na lile koti ulilosema linanifanya nionekane kama karani aliyefukuzwa. Agnesi aendelee na shule. Ana kichwa cha hesabu kuliko mimi. Asije akaambiwa kwamba kinyume ni jambo la kukariri.

Asubuhi hii nilikwenda kulitazama tena. Akina mama wa Juhudi walikuwa wanavuka kuja zahanati, watoto mgongoni, wanaongea kwa sauti kama wako sokoni, wala hawatazami chini. Katikati alikuwa bibi yake yule mtoto wa Mwanvua, na mtoto amembeba. Akaniita, "Wewe Kambale, mbona daraja lako hulipandi?" Nikasema nakuja mama, nakuja.

Nisalimie shemeji Kasiani, na umwombe radhi ya ile kamba ya nguo. Wasalimie majirani, na madereva wale waambie kaka yake Hildegarda anaendelea vizuri na jipu limepona. Mungu awalinde nyote.

Kutoka nguzo hii mpaka ile ni mbao nyingi, na kila ubao umekaa juu ya hesabu niliyoipiga mwenyewe. Nimeirudia leo, mara hii kwa utulivu, na nimezidisha. Wewe uko Mikumi, mgongo wako hauko huku. Nitakwenda nimefumbua macho.

Ni mimi mdogo wako,
Wenceslaus